Shali ya Wilkista

Kitale,
2 Novemba 2024

Kwa mkwe wangu Mama Wekoye,

Pokea salamu, zijae gunia hadi zimwagike. Nakuandikia kwa sababu simu yenu ni moja, anayo Mzee Mukhwana, na Mzee Mukhwana akipokea simu huweka sauti ya nje mpaka ng'ombe wasikie. Kuna furaha ya boma zima na kuna furaha ya wanawake wawili. Hii ni ya wawili. Barua nimempa Matthew wa lori, yule anayeleta mahindi yenu ghalani hapa Kitale. Akirudi mtupu atakupitishia hapo Tongaren.

Mary Ann alinipigia kutoka hospitali ya Lugulu, huku analia, huku anacheka. Msichana! Kilo tatu na nusu! Nilipiga vigelegele nikiwa hapa dukani, mteja akaangusha pakiti ya mbegu. Na nikuambie ukweli, mama, nilikuwa nakuwaza wewe kuliko hata huyo mtoto. Kwetu msichana wa kwanza hana mjadala, huitwa jina la mama ya baba. Mimi nitangoja wa pili. Kwa hiyo amekuja Wilkista! Siku nikikuona nitakusalimia mara mbili, mkubwa kwanza kisha mdogo.

Ndani ya mfuko kuna njahi, yale maharagwe yetu meusi, za kumpikia Mary Ann apate maziwa. Chini yake kuna shali kubwa ya kumbebea mtoto mgongoni. Sufu nyeupe, nimefuma mwenyewe majioni matatu, na kwa uzi mwekundu nimetarizi jina lenu: WILKISTA. Herufi kubwa, zionekane toka barabarani.

Nikiwa natarizi nilicheka peke yangu. Nilikumbuka siku ya mahari, ile orodha ya wageni tuliyowatumia. Wacuka, Wamboi, Wangeci, wanane wote wakianza kwa Wa. Sisi tunajua Wa ni mwanamke. Ninyi mkajua Wa ni mwanaume, kama mzee wenu Wakhungu na wenzake, mkapanga viti vya wanaume na mkachinja kuku wanane ili kila mzee apate firigisi yake. Tukashuka wanawake wanane tumevaa vitambaa vya kichwa. Bado namsikia Mzee Mukhwana akinong'ona: "Bana, hawa ni wanaume gani wamevaa malinda?" Na firigisi tulikula zote, shangazi za Wekoye wenu wakitutolea macho kama tumekula mbegu ya msimu ujao. Mbona hukutuambia kwamba kwenu ni ya wanaume?

Mbusu Wilkista wetu.

Wako,
Wacuka, Mama Mary Ann


Tongaren,
8 Novemba 2024

Kwa Mama Mary Ann,

Barua imefika. Njahi zimefika, asante, Mary Ann anakula vizuri. Mtoto hajambo.

Shali nimeirudisha kwenye mfuko wake, nimempa Matthew akuletee. Usijisumbue kutuma nyingine. Mahindi ni mengi mwaka huu na kazi ni nyingi, kwa hiyo nikichelewa kuandika usishangae.

Salimia wa nyumbani.

Wilkista Mukhwana


Kitale,
10 Novemba 2024

Mary Ann,

Nieleze wewe, kwa sababu mimi nimeshindwa. Shali imerudi. Imekunjwa vizuri kama ya dukani, haijafunguliwa hata mara moja, najua kwa sababu lile fundo la mfuko ni langu. Hapana, imefunguliwa, maana anajua kilichoandikwa. Aliangalia akafunga tena kwa fundo langu! Huyo ni mwanamke mwenye hasira ya utulivu, na hasira ya utulivu ndiyo mimi naogopa.

Nimewaza yote. Nimewaza labda sufu ni rahisi. Nimewaza labda kuhusu firigisi nilifanya utani kupita kiasi. Nimewaza pia lile ambalo sitaki kuwaza, kwamba anaona Mkikuyu ametuma zawadi ili ajifanye mwenyewe wa mtoto. Lakini mimi nilimpa yeye! Ningekuwa na roho ya kunyakua si ningetarizi WACUKA? Herufi ni chache zaidi na uzi ungebaki.

Watu wa kanisani wameanza kuniuliza wajukuu wangu wanaitwa nani. Huyu mmoja tu, na sina jibu. Nawaambia mtandao ni mbaya huko Tongaren.

Mwambie Wekoye kwamba sijafurahi. La, usimwambie. Niandikie tu.

Mama yako


Tongaren,
13 Novemba 2024

Mama mpenzi,

Keti kwanza. Naandika mtoto akiwa amelala na mama mkwe akiwa kisimani, hivyo nitakwenda haraka.

Si sufu, si firigisi, wala si Ukikuyu wetu. Hapa, mama, mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Majina huja kutoka kwa waliokufa. Mtoto akilia bila sababu, akina mama huketi na kuyataja majina ya marehemu wa ukoo moja moja, na lile ambalo likitajwa ananyamaza, ndilo lake. Kumwita mtoto kwa jina la mtu anayepumua ni kusema kwamba huyo mtu tumeshamaliza naye. Wekoye alijua haya yote. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Si nilidhani mnajua." Nimeolewa na mtu wa ofisi ya mifugo, mama, anajua ng'ombe tu.

Hilo ni nusu. Nusu ya pili niliapishwa nisikuambie, na sasa navunja kiapo. Mama Wekoye ana uvimbe tumboni. Ana mwaka mzima nao. Daktari pale Lugulu alisema utolewe, akapangiwa siku mwezi wa sita, hakwenda. Akapangiwa mwezi wa tisa, akasema kuna palizi, na hakukuwa na palizi yoyote. Sasa amepangiwa tarehe 28 mwezi huu. Daktari amesema wazi kwamba wasingoje tena, unakua.

Alikuwa ameanza kukubali. Alikuwa ameshanunua kanga mpya na ndara za wodini. Halafu Matthew akaleta mfuko. Alifungua akiwa anatabasamu, mama. Akasoma polepole, herufi kwa herufi. Akaniuliza, "Nani amewaambia kwamba nakwenda kukatwa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi wameniandika bila kuambiwa."

Tangu siku hiyo hambebi mtoto. Anasimama mlangoni na kumtazama, nikimnyooshea anasema mikono yake ni michafu. Tarehe 28 ameshasema hatakwenda. Baba mkwe amebembeleza, amefoka, jana nilimkuta analia kando ya ghala. Kila mtu anasema "mtoto", hata mimi. Ana wiki mbili hana jina.

Usinipigie. Unajua habari ya sauti ya nje.

Mary Ann wako


Kitale,
16 Novemba 2024

Kwa mkwe wangu, Mama Wekoye,

Nimejua yote. Usimlaumu Mary Ann, mama akitaka jambo kutoka kwa bintiye hulipata hata kama limefukiwa.

Nisamehe. Siandiki neno hilo mara nyingi, uliza watu wa Kitale. Nilikutumia heshima kubwa kuliko zote nilizonazo, nawe ukapokea jeneza. Sikujua, lakini kutojua hakukupunguzii uchungu, hivyo nakuomba msamaha kama mtu aliyejua.

Nataka ujue tu nilichokuwa nakuambia. Mimi sikuitwa Wacuka kwa sababu bibi yangu alikuwa amekufa. Niliitwa Wacuka bibi akiwa shambani anachimba viazi. Wakamwita, akanawa mikono, akanibeba, akasema, "Karibu, mimi." Nikianguka, yeye ndiye aliyesema ameumia. Nikifaulu mtihani, yeye ndiye aliyezunguka kijiji akipongezwa. Alipougua kifua, na mimi nikiwa darasa la tano, aliwaambia madaktari kwamba hawezi kuondoka kabla hajaliona jina lake likiolewa. Alicheza kwenye harusi yangu kwa fimbo moja na kiatu kimoja. Akaishi miaka kumi na minne zaidi. Kwetu mtu akipata wajina amefungwa kamba hapa duniani, haondoki hivi hivi. Hiyo kamba ndiyo niliyokuwa nakutumia.

Jana nilimweleza Kiarie, kaka yake Mary Ann, yule fundi wa simu. Akaanza kubonyeza. Akaniambia, "Mama, wewe na Mama Wekoye mlikosana tangu zile Wa mbili." Ati kwetu Wa ni mwanamke, kwenu ni mwanaume, huko Ujapani ni maelewano, Uchina ni chura, na Ghana ni mji mzima wenye soko na wakubwa wake. Nikamfukuza pamoja na chura wake. Lakini usingizi ulikataa. Herufi mbili tu, na kila nyumba ukibisha hodi unafunguliwa na mtu mwingine. Mimi nikachukua jina zima la mtu, lenye herufi nane, nikadhani litasomwa vilevile Kitale na Tongaren! Mzee mzima nami.

Sikuombi jina. Mtoto wenu mtampa jina mtakavyo na wakati mtakapotaka, na mimi nitalijifunza. Nakuomba kitu kimoja tu, Mama Wekoye. Tarehe 28 nenda Lugulu. Nenda ukiwa umenikasirikia ukipenda, hasira nayo ni nguvu. Mimi nitakuwa pale kwenye benchi. Usiponitaka ndani nitakaa nje.

Wako,
Wacuka


Tongaren,
21 Novemba 2024

Mama Mary Ann,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa chooni ndipo nilipoweza kulia vizuri.

Naona nikueleze, usije ukafikiri mimi ni mtu wa ushirikina tu. Kanisani nakaa kiti cha mbele. Lakini nilikuwa na dada mkubwa. Jirani yetu alimpenda, akamwita mtoto wake kwa jina la dada, akambatiza kabisa. Dada alicheka, akawapelekea kuku. Mwezi huohuo tulimzika. Najua utasema ni malaria. Hata mimi najua ni malaria. Lakini yule mtoto alikuwa akiitwa kule ng'ambo ya kijito, "Njoo ule! Njoo uoge!", na mimi nasikia dada anaitwa, na dada yuko chini ya ardhi. Niliishi hivyo miaka mingi. Sikutaka Wekoye wangu asikie hivyo.

Simchukii mtoto. Mungu ananiona. Mikono inaniuma kwa kutombeba. Niliogopa kwamba nikimbeba, atakuwa amekuja kunipokea zamu.

Habari ya bibi yako na kiatu kimoja imenichekesha. Nilimsomea Mzee Mukhwana, naye akasema huyo mama angefaa kuolewa Bukusu. Sikujua kwamba kuna watu wanaopewa wajina ili wabaki. Siwezi kuifuata hiyo desturi yenu, nikuambie kweli, mwili wangu unakataa. Lakini nimefurahi kwamba iko mahali fulani duniani na kwamba mtu aliniwaza nayo.

Kuhusu tarehe 28 sijaahidi kitu. Na kama nikienda, si vizuri mkwe anione nimelala bila kitambaa kichwani. Ukija, funika macho.

Wodi ya Lugulu ina baridi, wanasema.

Wilkista


Lugulu, kwenye benchi,
28 Novemba 2024, saa tano asubuhi

Mama Wekoye,

Uko ndani. Umepita hapa kwenye kitanda cha magurudumu, nami nimefunika macho kama ulivyoagiza, ingawa kidole kimoja kiliachia. Ulikuwa umevaa kitambaa. Daktari alikuachia mpaka mlangoni.

Mzee Mukhwana anatembea toka ukutani hadi ukutani. Wekoye amenunua chai na hakuna anayekunywa. Mtoto yuko mapajani mwangu na ile shali iko juu yake, maana ni kweli kuna baridi. Lakini usiogope, naifumua. Nimeazima mkasi mdogo kwa nesi. Nilitaka kuanza na W, ila pale ndipo nilipofungia fundo la kwanza, na mimi nikifunga nafunga. Basi nimeanza na I. Imetoka. L imetoka. K ilikuwa ngumu, nimejidunga. Kila nikitoa herufi moja nasema, "Bwana, huyu bado tunamhitaji." Siyo sala nzuri lakini ndiyo niliyonayo.

T imetoka. Imebaki A, na A ndiyo ina fundo la mwisho. Nitarudi kwa W nikimaliza

Mama Wekoye, mlango umefunguliwa. Wanatuita. Naacha hapa hapa.


Tongaren,
15 Desemba 2024

Kwa Wacuka, mkwe wangu,

Nimerudi nyumbani siku ya nane leo. Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu. Daktari amesema nisiinue hata sufuria, na Mzee Mukhwana ameielewa amri hiyo vibaya, hataki hata niinue kijiko. Barua yako ya benchi walinipa pamoja na viatu vyangu. Imekatika katikati kama redio iliyoishiwa betri, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ngoja nikueleze nilivyoamka, kwa sababu siku zile ulipokuwa pale nilikuwa sina sauti. Nilifumbua macho, nikaona kifuani pangu kitu cheupe, na juu yake W huku na A kule, katikati tupu. Nikajisemea, basi, nimefika mahali ambapo watu hawaandikwi majina kamili. Nikangoja malaika. Badala yake nikakusikia wewe ukigombana na nesi kuhusu uji, ati ni mwepesi, ati hata ndege hawezi kushiba. Nikajua bado niko Bungoma.

Juzi tulikaa, mimi na shangazi za Wekoye, wale wa firigisi. Mtoto alikuwa analia tangu alfajiri, ameshiba, ni mkavu, analia tu. Tukaanza kutaja. Tulitaja marehemu saba, naye anaongeza sauti. Nikataja Phelista, mama yake Mzee Mukhwana, aliyelima mpaka miaka tisini na kugombana na kila mtu na kupendwa na kila mtu. Mtoto akanyamaza. Akapiga chafya, akanitazama kana kwamba nimechelewa. Kwa hiyo ni Phelista. Waambie watu wa kanisani kwamba mtandao wa Tongaren umerudi.

Nilimwambia Mary Ann anipe. Hakuuliza kuhusu mikono yangu. Sasa hivi amenilalia ubavuni, upande usio na kidonda, ndiyo maana mwandiko umepinda. Ana harufu ya njahi zako.

Uje Krismasi. Uje na Kiarie na chura wake. Nitamwambia Mzee Mukhwana achinje jogoo mkubwa, na firigisi utakula wewe, mezani, yeye akiangalia. Shangazi nimeshawaambia, wamesema sawa, huyo ni Wa.

Sasa kuhusu shali. Mzee Mukhwana ameisoma akasema kwa kuwa imeandikwa Wa, hiyo ni ya mwanaume, anataka kuivaa akienda kukamua. Nimemnyima. Phelista atapata yake, na siku ukiitarizi uandike jina lake lote. Hii ni yangu mimi. Niliivaa kutoka Lugulu mpaka mlangoni kwangu, na kila asubuhi naivaa nikikaa juani. Nimefikiri sana, Wacuka. Desturi yetu inakataza kumpa mtoto jina la mtu aliye hai. Haijakataza mtu aliye hai kulivaa la kwake.

Kwa hiyo ukija, beba sindano na ule uzi mwekundu, rangi ileile. Utakaa hapa karibu yangu unirudishie zile herufi sita.

Usiharakishe. Nipo.

Wilkista